HOA yetu ya Houston: nyota tatu, na ya tatu nimeitoa kwa shingo upande

Nianze na barua. Mwezi wa tatu 2023, tuna wiki ya tano tu tangu tuhamie, nimetoka shifti ya usiku miguu imevimba, nafungua boksi la barua nakuta bahasha ina nembo ya nyumba zetu, nikajua hawa watu wastaarabu wametuandikia kutukaribisha. Kufungua, ndani kuna picha ya pipa langu la taka. Pipa langu mwenyewe, la kijani, limesimama pembeni ya gereji halina hili wala lile, chini yake wameandika tarehe na saa ya kupigwa picha, na kwamba pipa kuonekana kutoka barabarani siku isiyo ya taka ni kuvunja masharti, nina siku 10 za kulificha, nisipolificha faini. Baba Imu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema yaani tumevuka bahari yote ile kuja kupigwa picha pipa.

Hiyo ndo HOA, na hii ni riviu yangu ya HOA yetu baada ya miaka miwili na zaidi ya kuilipa kila tarehe mosi bila kukosa. Jina la nyumba zetu sitaji, la kampuni inayozisimamia pia sitaji, bado naishi hapa na paa langu liko mikononi mwao.

Kwa asiyejua, HOA ni umoja wa wenye nyumba. Ukinunua ndani ya eneo lake ushakuwa mwanachama, hakuna kujiunga wala kujitoa, masharti yamesajiliwa kaunti pamoja na ardhi yenyewe kwa hiyo yanakubana wewe na atakayenunua kwako. Kuna bodi, hao ni majirani waliochaguliwa na hawalipwi, afu kuna kampuni ya usimamizi ambayo bodi imeiajiri, hao wanalipwa na ndo wapiga picha wa mapipa. Mi nimekulia Tandika, kwetu mtu wa shughuli hizo alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ila mjumbe alikuwa anakuja mwenyewe kwa miguu yake, anakaa kibarazani, anapewa chai, anauliza hali za watoto wote, ndo mwisho kabisa anasema jamani maji yenu machafu yanamwingilia mama fulani. Huyu wa huku sura humwoni, unaona bahasha.

Na Houston kuikwepa HOA sio rahisi, nimekuja kuelewa kwa nini. Huu mji hauna sheria ya kugawa maeneo kwamba hapa makazi pale viwanda. Wapiga kura waliulizwa 1948, wakaulizwa tena 1962, wakaulizwa 1993, mara zote tatu wakakataa. Ndo maana unakuta kanisa, duka la matairi na nyumba ya mtu vimepakana kama Buguruni. Anayetaka uhakika kwamba jirani yake hatafungua gereji ya kupaka magari rangi anategemea masharti yaliyoandikwa kwenye ardhi, na masharti bila mtu wa kuyasimamia ni karatasi tu. Nilivyolielewa hilo hasira ya pipa ilipungua kidogo. Kidogo.

Sasa kosa letu. Tulibaki na nyumba mbili kwenye orodha, zote kusini magharibi ya mji, zote vyumba vitatu, bei zimepishana dola elfu chache. Moja HOA yake dola 390 kwa mwezi, nyingine 240. Mtoto wa Tandika niione 240 afu nichukue 390, nimerogwa? Na benki nayo ilikuwa inatusukuma hukohuko, kwa sababu anayekukopesha akipiga hesabu kama utamudu, HOA anaihesabu kama deni lako la kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 7 na miaka 30, ile tofauti ya dola 150 kwa mwezi inakupunguzia uwezo wa kukopa kama dola 22,500 hivi. Kwa watu tuliokuwa tunahesabu mpaka hela ya soda hiyo ilikuwa ndo nyumba kupatikana au kukosa. Dalali wetu, dada mmoja mcheshi sana, akasema hii 240 ni bonge la dili. Na kweli ilikuwa dili, dili kama shati la mtumba la Karume, ukifika nyumbani ukilivaa ndo unaliona tundu la kwapani.

(Pembeni kidogo: usije ukadhani HOA imo kwenye yale malipo ya benki pamoja na kodi ya jengo na bima. Kwa kawaida haimo, unailipa mwenyewe kando. Na kwa nyumba unayoishi mwenyewe huwezi kuitoa kwenye kodi ya mapato, mi nilijaribu kumwambia mtu anayetujazia fomu za kodi akaniangalia tu.)

Makaratasi tuliletewa. Na hapa sheria ya Texas inakupa dirisha ambalo wengi wetu hatulijui. Kama unanunua nyumba ya kawaida iliyokaa kwenye kiwanja chake, kuna fomu ya nyongeza ya HOA ya ile tume ya serikali inayosimamia madalali, kikitikiwa kisanduku kinachotakiwa una siku 3 baada ya kupokea makaratasi kusema nimeghairi na ile amana yako ikarudi. Kondo, zile ambazo ndani ni yako ila jengo ni la wote, wanakupa zaidi, unaweza kughairi kabla ya siku ya 6. Sisi PDF yetu ilikuwa kurasa 143. Wiki ile nilikuwa na shifti tatu mfululizo. Nilisoma kurasa sita, nikatafuta sehemu inayosema kuhusu mbwa, mbwa hatuna sijui hata nilikuwa nataka nini, nikasaini.

Ningesoma ningekuta vitu viwili.

Cha kwanza, nyumba yetu ni kondo. Tangazo lilisema taunhausi, dalali akasema taunhausi, na ukiitazama ni taunhausi, ina ghorofa yake, gereji yake, mlango wake wa nje. Kumbe taunhausi ni umbo tu la jengo, kondo ni aina ya umiliki, na kitu kimoja kinaweza kuwa vyote viwili. Maana yake mi namiliki kuanzia ukutani kuja ndani. Paa, kuta za nje, udongo chini ya nyumba, ni vyetu wote. Bima ya jengo inakatwa na HOA, mi nakata ya ndani tu, ile wanaita HO-6. Na kisheria kondo za Texas zinakaa sura ya 82 ya sheria ya mali na nyumba za kawaida sura ya 209, ulinzi haufanani kabisa. Ukishindwa kulipa ada nyumba ya kawaida inabidi HOA ipite mahakamani kwanza kabla ya mnada, na ukishauziwa una siku 180 za kuikomboa. Kondo wanaweza kupiga mnada bila jaji, na siku za kukomboa ni 90. Kinachofanana ni kwamba faini peke yake haiwezi kukuuzia nyumba. Mnada unatoka kwenye ada na michango usiyolipa, pipa halikufikishi huko. Hilo lilinipa usingizi siku za mwanzo maana nilikuwa natetemeka kila nikiona bahasha.

Cha pili ndo kilichotuuma. Kondo ikiuzwa, HOA inatoa cheti kinachoonyesha hali ya umoja: ada ni kiasi gani, muuzaji anadaiwa nini, matengenezo gani makubwa yamepitishwa kwa miezi 12 ijayo, kuna kesi mahakamani au hakuna, bima ikoje, na akiba ni shilingi ngapi. Kwetu mstari wa akiba ulisema dola 61,000. Ukiuona hivi unasema sio mbaya. Sasa gawa kwa milango 112, yaani nyumba zote za humu ndani. Ni dola 544 kila mlango, na hapo kuna majengo tisa yenye mapaa ya miaka 19, bwawa la kuogelea, geti, na mabomba ya tangu jengo lijengwe. Dola 544 kwa hapa Houston fundi hajashusha hata ngazi kwenye gari.

Mihtasari ya vikao haikuwa kwenye lile furushi, hiyo inabidi uombe, na sikujua kwamba inaombwa. Nimekuja kuikuta kwenye potali ya wakazi tumeshahamia, usiku mmoja sina usingizi nikawa nasoma kama riwaya. Oktoba 2020, ajenda ya mapaa, imeahirishwa. Oktoba 2021, mapaa, imeahirishwa, wanachama hawataki ada ipande. 2022 bei ya fundi imeletwa, imejadiliwa, imeahirishwa. Nikakaa kitandani na simu usoni nikaelewa 240 imetoka wapi. Haikuwa ndogo kwa sababu hawa watu wanajua kubana matumizi. Ilikuwa ndogo kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa anaweka hela ya paa, na wale waliokuwa wanafaidi hiyo bei ndogo walikuwa wanauza mmoja mmoja wanaondoka, akiwemo yule aliyetuuzia sisi, mzee mpole sana, alituachia na pazia.

Mtu atauliza benki haikuona? Benki inauliza, tena tangu lile jengo la Surfside kule Florida lianguke usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, wenye nyumba wakiwa ndo wanaanza kuchangishwa dola milioni 15 za matengenezo yaliyovutwa miaka, mabenki yanatuma dodoso refu kwa kila kondo. Wakati tunanunua sisi Fannie Mae, wale wanaonunua mikopo ya nyumba kutoka kwenye mabenki, walikuwa wanataka bajeti ya kondo iweke angalau asilimia 10 kwenye akiba. Yetu iliandikwa asilimia 10 na pointi zake. Kwenye karatasi. Hela yenyewe ikishaingia ilikuwa inahamishwa kulipia maji na bima, na hilo nalo limo kwenye mihtasari, limeandikwa wazi kabisa hakuna aliyeficha.

Basi tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kikaingia Texas alfajiri. Wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, sisi siku sita, na joto la Houston mwezi wa saba ni joto la jikoni kwa mama ntilie saa saba mchana, ila hapa huwezi kutoka ukapunga upepo maana na nje ni hivyohivyo. Vigae vya paa, hivi vya lami, vilikuwa vimetapakaa kwenye nyasi kama makombo ya mkate. Chumbani kwa Imu likatokea doa la maji kwenye dari. Asubuhi lilikuwa ukubwa wa chapati, jioni sinia. Nikaweka beseni, nikapiga simu HOA nikiwa na amani kabisa ya moyo, maana kutengeneza paa ni kazi yao.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hakuna mtu aliwahi kunieleza hili, si dalali, si benki, si mtu wa bima. Bima ya jengo zima ina kiwango ambacho lazima mjilipie wenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Kwa moto au bomba kupasuka huwa ni kiasi fulani kinachojulikana. Kwa upepo na kimbunga huku pwani ya Texas mara nyingi ni asilimia ya thamani ya majengo yaliyokatiwa bima. Sio asilimia ya hasara. Ya thamani yote. Majengo yetu yamekatiwa dola milioni 18 na kiwango chetu ni asilimia 3, kwa hiyo dola 540,000 za mwanzo ni zetu. Mapaa yote kubadilishwa yalikuja 560,000 na chenji. Bima ikatoa ile iliyobaki, hela ya kununulia misumari. 540,000 gawa kwa 112 unapata dola 4,821 kila mlango. Barua ilikuja mwezi wa nane, safari hii haina picha.

Nilikaa nikapiga hesabu kwenye bahasha hiyohiyo. Tangu tuhamie Februari 2023 mpaka mwezi ule ni miezi 18. Ile 150 tuliyokuwa "tunaokoa" kila mwezi imefika dola 2,700. Tukadaiwa 4,821. Na zile nyumba nyingine za 390? Nazo Beryl aliziezua mapaa, nina mfanyakazi mwenzangu anakaa pale. Wao hawakuchangishwa hata senti, akiba ilikuwepo.

Ile bima yangu ya ndani ina kipengele cha kukulipia mchango ukichangishwa na HOA, nikafurahi, nikapiga simu, nikaambiwa ndiyo mama lakini kikomo chako ni dola 1,000. Kukiongeza kikomo gharama yake kwa mwaka haifiki bei ya mbuzi choma ya watu wawili na ndizi zake. Nimeongeza sasa. Ukinunua kondo muulize mtu wako wa bima hicho kitu kwanza kabla hujamuuliza kingine chochote, na muulize pia kama kinahusu ule mchango wa kiwango cha kujilipia maana wengine wanauwekea kikomo chake cha pembeni.

Bodi walitupa miezi 12 ya kulipa, dola 402 hivi kwa mwezi juu ya ada, na ada yenyewe ikapanda Januari hadi 345. Hapo nawapa haki yao, kwa kondo sijaona sheria inayowalazimisha kukupa muda, wameamua wenyewe. Mwenyekiti wa bodi aliandika barua ndefu akasema tumechelewa miaka minne na kosa ni letu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikashindwa.

Kampuni ya usimamizi sasa. Hawa kuwachukia nimeweza bila shida. Simu unapiga unasikiliza mziki dakika 25, afu inakatika. Imeili ya kulipa ada inajibiwa dakika hiyohiyo na roboti, imeili ya beseni la maji chumbani kwa mtoto ilijibiwa siku ya tisa. Turubai la kufunika paa lilikuja wiki ya tatu na wakalifunga kwa jirani, kwa Imu wakaruka. Lakini pipa likikaa nje Alhamisi, Ijumaa bahasha imefika. Meneja wetu amebadilika mara nne tangu tuhamie, kila mpya anajitambulisha kwa imeili yenye picha, anaahidi, anapotea. Nilikuja kugundua njia moja inayofanya kazi: andika barua ya karatasi, itume rejista ya posta ili wasaini kupokea, nakala kwa bodi. Siku tatu fundi yupo mlangoni.

Na faini zina utaratibu wake, usilipe tu kwa woga. Lazima wakupe notisi kwa maandishi, wakupe muda wa kurekebisha, na una siku 30 za kuomba kusikilizwa na bodi. Mi niliomba kusikilizwa kuhusu khanga. Nilianika khanga tatu kwenye reli ya roshani, nimezifua kwa mkono kwa sababu zile ukiziweka kwenye mashine ya kukausha zinakuwa kama gunia, nikaandikiwa "nguo zilizoning'inizwa". Nikaenda nazo kikaoni zikiwa zimepigwa pasi. Bodi watu watano wakazipitisha mkono kwa mkono, mama mmoja wa Kimeksiko akauliza maandishi yanasema nini, nikawatafsiria, wakacheka, faini ikafutwa. Masharti hayakufutwa. Naanikia gerejini sasa, feni imewashwa.

Kitu ambacho sijakisamehe ni siku za msiba. Baba mkwe alifariki nyumbani Morogoro, Novemba 2023, na ninyi mnajua msiba wetu huku ukoje, watu wanatoka makazini wanapitiliza kwako, kina mama na masufuria ya pilau, kina baba wanakaa gerejini na kahawa, siku tatu nne nyumba haifungwi. Masharti yetu yanasema kila mlango una nafasi mbili za wageni, na barabara ya ndani ni njia ya zimamoto hairuhusiwi kupaki hata kidogo. Tuliwaambia watu. Lakini saa tano usiku watu 40 wanaimba mapambio nani anaangalia rangi ya ukingo wa barabara? Brekidauni ikaja ikabeba magari matatu kimyakimya wakati sala inaendelea. Shemeji alitoka kuchukua koti akarudi akasema jamani, gari yangu siioni. Kila gari ilitoka kwa karibu dola 250. Mchungaji yake ilikuwa mojawapo.

Zimamoto naelewa, moto hauna msiba. Ila kulikuwa na taa zote zimewashwa, mlango wazi, watu wanalia, dereva wa brekidauni angegonga tu. Ukivutiwa gari Texas una siku 14, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi, kuomba usikilizwe na jaji wa mahakama ndogo kama waliivuta kihalali, hatukujua, siku zikapita tuko kwenye arubaini. Tangu hapo nikiwa na shughuli naandikia bodi wiki mbili kabla, wanatupa ule uwanja wa pale bwawani kwa kupaki. Wanatoa bila kinyongo. Msiba ndo hauna wiki mbili kabla.

Na wenye malori: baba Imu anaendesha, kichwa cha lori hakilali hapa hata usiku mmoja, limeandikwa kwenye masharti kwa jina lake kabisa. Analipaki kwenye yadi kule mbali na analipia kila mwezi. Hesabu hiyo nayo iweke kwenye gharama za HOA ingawa hutaiona kwenye karatasi yao yoyote.

Dada yangu amenunua Katy, mji wa pembeni ya Houston, mwaka jana, nyumba ya kawaida na kiwanja chake, nikasema safari hii hapana, nitasoma mi. HOA yake ni dola 950 kwa mwaka, inalipwa Januari mara moja. Akanipigia anashangilia, dada mbona kwako 345 kwa mwezi? Nikamwambia mdogo wangu tulia, kwako hiyo 950 haigusi paa wala ukuta, paa likiezuliwa ni la kwako na mumeo, inalipia nyasi za barabarani na bwawa na yule mtu wa kupiga picha mapipa. Afu angalia karatasi ya kodi: kuna kitu kinaitwa MUD, shirika la maji la eneo, walikopa kujenga mabomba na mitaro wakati mtaa unaanza na wenye nyumba mnalirudisha deni kupitia kodi ya jengo. Kwenye vitongoji vipya vya Houston hiyo MUD inazidi HOA mara kadhaa na watu wanakuja kuishtukia mwaka wa pili nyumba ikishakadiriwa upya. Muuzaji lazima akupe notisi yake kwa maandishi, dada alikuwa ameshaisaini hajui ni nini.

Kwake kuna nafuu ambazo sisi wa kondo tunazitamani. Sheria imeweka kikomo cha dola 375 kwa kile cheti cha HOA wakati wa mauzo. HOA ya viwanja zaidi ya 14 lazima ikupe mpango wa kulipa kidogokidogo ukikwama, usiopungua miezi 3. Na ukiwalipa pesa ikiwa haitoshi, hawaruhusiwi kuikatia faini kwanza, inaanza na ada. Na tovuti ya serikali ya hoa.texas.gov unatafuta jina la mtaa unaona nani anausimamia na ada zao za uhamisho. Tulikaa naye jikoni na PDF yake ya kurasa 94, maharage jikoni, kalamu nyekundu. Mihtasari ya miaka mitatu tuliomba, muuzaji akanuna kidogo, ikaletwa. Akiba imejaa. Ugomvi mkubwa kwenye vikao vyao vyote ni rangi ya milango ya mbele. Nikamwambia nunua.

Mazuri ya kwetu yapo, nisiwe mchoyo. Nyasi sijawahi kuzikata, na mwezi wa sita Houston nyasi unalala usiku unaamka zimekufika gotini. Maji na taka vimo kwenye ada. Bomba la nje lilipasuka ile baridi ya Januari 2024 wakaja usiku uleule. Jirani yangu mama mmoja wa Bukavu anasema amekaa apatimenti miaka nane na hakuna aliyewahi kumwita kikaoni kumuuliza maoni, hapa kila mwaka anapata karatasi ya kupiga kura na anaiweka kwenye Biblia yake. Barua zao ananiletea mimi nimsomee. Ya mwisho aliyoleta alikuwa hajalala, kumbe ni tangazo kwamba bwawa linafunguliwa Mei.

Kwa hiyo nyota. Bodi ya sasa nawapa nne. Kampuni moja na nusu, hiyo nusu ni ya fundi wa mabomba. Ukichanganya ni tatu, na mapaa mapya yameingia kwenye hizo tatu maana yamekaa vizuri, mvua ya mwezi wa tano ilipiga usiku kucha nikaenda kumulika dari ya Imu kwa simu mara mbili, kavu.

Mkutano mkuu uliopita tulihudhuria watu 11 kati ya milango 112, akidi ikapatikana kwa karatasi za watu walioteua wengine wawapigie kura. Niliuliza akiba imefika ngapi sasa, wakaangaliana, mweka hazina akafungua kompyuta: dola 138,000. Nikauliza na mabomba yana umri gani. Kimya. Baada ya kikao mwenyekiti akanifuata mpaka kwenye gari, akasema Januari kuna viti viwili vitakuwa wazi. Baba Imu ameniambia nisithubutu.